Subizi si mchuzi: kitunguu kinachoiva bila kupata rangi

Ukiandika "mchuzi wa vitunguu wa Kifaransa" kwenye ubao wa mkahawa hapa Malindi, wateja watagawanyika. Wengine watangojea ile supu ya kahawia yenye kipande cha mkate na jibini iliyoyeyuka juu. Wengine watangojea mchuzi kama mchuzi, wa kumwagia wali. Wote watakosa, na kosa si lao, ni la ubao. Kile Wafaransa wanachokiita soubise hakinyweki kwa bakuli wala hakilowani kwenye wali. Ni kitunguu kilichopikwa mpaka kikasahau umbo lake, kikachanganywa na sosi nyeupe ya maziwa, kikachujwa, kikawa laini na kizito kama tui la kwanza lililolala kwenye friji. Hutiwa kijiko kimoja au viwili kando ya nyama, au hupakwa juu yake.

Jina ni la mtu, na la mtu ni la mahali. Soubise ni mji mdogo wa magharibi ya Ufaransa, karibu na mdomo wa mto Charente. Katika karne ya 18 cheo cha mji huo kilikuwa mikononi mwa Charles de Rohan, mwanamfalme wa Soubise, aliyezaliwa 1715 na kufa 1787. Alikuwa jemadari, na tarehe 5 Novemba 1757 jeshi lake lilipigwa vibaya na Frederick wa Pili wa Prussia huko Rossbach. Wanaosoma historia ya vita wanamkumbuka kwa siku hiyo. Jikoni anakumbukwa kwa kitunguu, na nadhani jikoni wamemtendea wema zaidi. Hutamkwa "subizi", na ndivyo nitakavyoiandika kuanzia hapa.

Anayeharibu subizi pwani hii huwa ni mpishi mzuri. Mkono wake umezoea pilau. Mafuta yanashika moto, kitunguu kinaingia, kinageuzwa bila kifuniko mpaka kiwe kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Kwa biriani ni vivyo hivyo, ila mafuta ni mengi zaidi na kitunguu kinatolewa kikavu cha kuvunjikavunjika. Mkono huo ukipewa kitunguu chochote unataka kukipeleka kule kule.

Na lugha inausaidia mkono kukosea. Tuna kukaanga, kukausha, kuunga, kutokosa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi inayotakiwa hapa. Wafaransa husema kitunguu "kitoke jasho": kiive kwa maji yake mwenyewe, ndani ya mafuta kidogo, chini ya kifuniko, kwa moto wa chini kabisa. Mapishi mengi ya Kiswahili huandika "kaanga vitunguu mpaka vilainike". Msomaji akishafika kwenye "kaanga" amekwisha ongeza moto. "Vilainike" hakisikii tena. Mimi hutumia kulainisha, na hilo neno kaanga nalifukuza kabisa kwenye karatasi.

Sababu yenyewe ni maji. Katika kila gramu 100 za kitunguu, karibu gramu 89 ni maji. Maadamu maji yapo, joto la sufuria halipiti sana nyuzi 100, na kwa joto hilo kitunguu hulainika, ukali wake wa kutoa machozi hupaa na mvuke, utamu hubaki. Maji yakiisha, joto hupanda, sukari na protini huanza kuungana na kuwa kahawia. Hapo hakuna kurudi nyuma. Kipande kimoja tu kilichoshika chini, ukikisaga pamoja na vingine, kitaacha vidoadoa kwenye sosi nyeupe na ladha ya kuungua kwenye sufuria nzima. Kukiondoa kwa kijiko hakutoshi, kwa sababu mafuta yaliyokizunguka yamekwisha kuibeba hiyo ladha.

Sasa vipimo. Kwa watu sita chukua vitunguu maji nusu kilo, hiyo ikiwa ni baada ya kumenya, kwa hiyo nunua gramu 600 au zaidi kidogo. Siagi gramu 50 kwa vitunguu, gramu 30 kwa sosi nyeupe, na 20 za kumalizia. Unga wa ngano mweupe gramu 30, karibu vijiko vinne vikubwa vilivyosawazishwa. Maziwa mililita 400. Malai au krimu vijiko vitatu. Karafuu mbili, kungumanga ya kukwaruza, pilipili manga nyeupe, chumvi, na sukari ya kubana kwa vidole viwili. Kama siagi yako ni ya chumvi, punguza chumvi ya mwanzo iwe robo kijiko kidogo. Samli inaweza kutumika, lakini haina maji kama siagi, kwa hiyo gramu 40 zinatosha mahali pa 50. Na samli yenye harufu nzito ya kienyeji itakifunika kitunguu, ambacho ndicho tulichokijia. Majarini sitaisema vibaya zaidi ya hivi: katika sosi ambayo haina kitu kingine cha kuificha, ladha yake inaonekana yote.

Kata kitunguu kwa upana, vipande vyembamba vya milimita 3 hivi. Kwa upana maana yake ni kukatiza nyuzi zinazotoka kitakoni kwenda kichwani. Nyuzi zikikatwa fupi, kipande kinavunjika upesi. Ukikata kwa urefu, kila kipande kinabaki na uti wake, nacho kitakaa na umbo hata baada ya dakika 40; hiyo ni sifa njema kwa sosi nyingine nitakazozitaja chini, si kwa hii.

Tia vipande kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3, vichuje, vitandaze juu ya kitambaa safi, vikamue kidogo. Hatua hii wengi huiruka. Inaondoa ukali wa kwanza, na kwa vitunguu vyetu vya pwani ina kazi ya pili ambayo ni kubwa zaidi.

Kazi hiyo ni rangi. Mapishi ya Ufaransa yanategemea kitunguu cha ganda la manjano, chenye nyama nyeupe. Kinachofika Malindi na Lamu, kikitoka bara au ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, ni kile chekundu cha zambarau. Rangi yake ni ya aina ileile iliyo ndani ya kabichi la zambarau, na tabia yake ni kubadilika kwa kufuata uchachu wa kilichoizunguka. Jaribu kwenye kisosi: weka vijiko viwili vya maji yaliyotoka kwenye vitunguu ulivyochemsha, mbali mbali. Kimoja kidondoshee ndimu, kitageuka waridi mbele ya macho yako. Kingine kinyunyizie magadi kidogo, kitakwenda kwenye buluu kisha kijanikijani. Maziwa yapo karibu katikati, na katikati hapo ndipo rangi mbaya kuliko zote ilipo: kijivu cha zambarau, kama maji ya kuoshea sahani. Subizi ya kitunguu chekundu iliyopikwa bila hadhari hutoka hivyo, na mteja hatakubali hata ukimwapia kwamba ni tamu.

Dawa ni nne, na zinaweza kwenda pamoja. Rangi imekaa zaidi kwenye ngozi ya nje ya kila tabaka, na matabaka ya nje ndiyo yaliyokolea. Kwa hiyo menya ganda, halafu ondoa na matabaka mawili ya chini yake. Usiyatupe, yatafaa kwa pilau ya kesho. Pili, zile dakika 3 za maji ya moto, na yale maji yamwagwe. Tatu, usitumie maji ya kisima yenye chumvichumvi. Maji magumu huvuta rangi upande wa buluu. Nne, ukipata vitunguu vyeupe, lipa tofauti ya bei na usahau haya yote. Kuongeza ndimu ili kuifukuza buluu ni mtego: sosi itakuwa ya waridi, maziwa yanaweza kukatika, na zaidi ya hayo asidi huzuia kitunguu kulainika. Kitunguu kilichopikwa pamoja na ndimu, siki au ukwaju tangu mwanzo kitabaki kigumukigumu saa nzima. Kila kitu kichachu kinaingia kitunguu kikiwa kimekwisha iva.

Kuna kijivu kingine ambacho si cha kitunguu. Zile sufuria nyembamba za alumini zilizojaa kila duka, ukizikwangua kwa kijiko au mchapo wa chuma zikiwa na sosi nyeupe ndani, huacha wingu la kijivu. Tumia sufuria nzito ya stili, au chungu cha udongo kilichozoea moto, na mwiko wa mti. Chungu ni kizuri kuliko vyote kwa kazi hii kwa sababu hakirukii joto.

Weka siagi gramu 50 iyeyuke bila kulia. Tia vitunguu na nusu kijiko kidogo cha chumvi, geuza mpaka kila kipande kiwe na mafuta, kata karatasi ya kuokea kwa mduara wa sufuria uilaze moja kwa moja juu ya vitunguu, kisha kifuniko. Chumvi inaingia mwanzo kwa sababu huvuta maji nje, na maji ndiyo kinga yetu.

Moto wa chini ni rahisi kuusema. Jiko la gesi, hata tundu dogo kabisa, mara nyingi ni kali mno kwa sufuria ndogo. Weka tawa ya chapati juu ya jiko, sufuria juu ya tawa. Kwenye seredani, vuta makaa pembeni, yafunike kwa jivu, na sufuria ikae juu ya joto lililobaki. Ukiwa na ovena, nyuzi 150 na kifuniko kilichobana, na uende kufanya mengine.

Ukisimama juu ya jiko, tumia masikio. Sauti inayotakiwa ni ya chini, kama mtu anayemung'unya njugu chumba cha pili. Ukisikia chwaa, moto ni mwingi, ondoa sufuria sasa hivi, tia vijiko viwili vya maji, ungoje inyamaze. Baada ya dakika 10 vitunguu vimelala. Dakika 20, vinapitisha mwanga, na hapa ndipo wengi hudanganyika wakadhani vimeiva. Havijaiva. Viking'aa namna hiyo bado vina nyuzi na bado vina ukali. Endelea mpaka dakika 35 au 40. Kipimo changu ni mwiko: bandika kipande kimoja ubavuni mwa sufuria ukikandamize. Kikiteleza na kukimbia, bado. Kikipakaa kama ndizi mbivu, tayari. Ondoa kifuniko, acha dakika 5 za mwisho mvuke utoke, maana maji yanayobaki hapa ndiyo yatakayoifanya sosi iwe nyepesi baadaye.

Huku vitunguu vikitoka jasho, tengeneza ile sosi nyeupe. Jina lake ni la Louis de Béchameil, aliyekuwa mtumishi mkubwa katika jumba la mfalme Louis wa 14 na kufa 1703. Malindi haina ugeni nayo: wapishi waliopita kwenye majiko ya Waitaliano wanaiita beshamela na wameitandaza kati ya tabaka za lasanya mara zisizohesabika. Hao wana nusu ya kazi mkononi tayari. Waifanye nzito kidogo tu kuliko ya lasanya.

Maziwa yapashe moto pamoja na karafuu mbili, yakaribie kuchemka, yafunike dakika 10, kisha toa karafuu. Mbili tu. Hakuna iliki hapa, wala mdalasini. Najua mkono unawasha. Maziwa mabichi ya kuuzwa kwa chupa lazima yachemke kwanza, na utando wake wa malai uutunze wa mwisho. Ya pakiti ya muda mrefu yanafaa, ila yana utamutamu wa kupikwa, kwa hiyo sukari usitie.

Yeyusha siagi gramu 30, tia unga, koroga kwa moto mdogo dakika 3. Unga utoe harufu kama ya biskuti, usipate rangi. Ondoa kwenye moto upoe kidogo, kisha tia maziwa ya moto kwa awamu: kwanza upawa mmoja, koroga mpaka liwe donge laini, upawa wa pili, ndipo yaliyobaki yote. Madonge hutokea pale maziwa yote yanapomiminwa kwa mkupuo juu ya unga wenye moto: punje za nje zinaiva ghafla na kuzifungia za ndani zikiwa kavu. Yakitokea usilie, utachuja hata hivyo. Rudisha kwenye moto, ikichemka punguza, iache itokote dakika 12 huku ukikoroga chini. Sosi itaonekana nzito tangu dakika ya pili na utashawishika kuzima. Uzito umekuja, lakini ladha ya unga mbichi haijaondoka, na hiyo ladha hukaa kooni.

Unganisha sosi na vitunguu, vitokote pamoja dakika 10, kisha saga. Blenda isijazwe zaidi ya nusu, na kifuniko ukishike kwa kitambaa na upenyo kidogo wa mvuke; sosi ya moto iliyofungiwa hurusha kifuniko na kuunguza mkono. Kisha chujio. Hata blenda kali huacha nyuzi. Pitisha kwenye chekecheke laini ukisukuma kwa mgongo wa upawa. Asiye na blenda atumie kinu na mchi, halafu achuje mara mbili. Inachosha, ila inatoka nzuri.

Irudishe motoni, tia malai, kungumanga mikwaruzo mitatu, pilipili nyeupe, ile sukari, onja chumvi. Zima. Siagi ya mwisho gramu 20 iingie moto ukiwa umezimwa, vipande vidogo vya baridi, ukitikisa sufuria mpaka iyeyuke. Ikichemka baada ya hapo, mafuta yatajitenga na kuogelea juu.

Uzito wake: chovya mwiko, utoe, pitisha kidole mgongoni. Mstari ukibaki wazi bila kujifunga, ndivyo. Ikiwa nyepesi, itokote bila kifuniko kabla ya kuweka siagi ya mwisho. Ikiwa nzito kama uji wa mtoto, maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja.

Ikitoka chungu, ulisaga vitunguu kabla havijaiva. Kusaga hupasua seli zote kwa mara moja na ukali wake wote hutoka. Dakika 10 za kutokota hazitaufuta.

Ipo subizi ya pili, ya mchele, ya zamani na isiyo na unga wala sosi nyeupe, na kwa watu wa wali ingefaa iwe ya kwanza. Vitunguu vilevile nusu kilo, vikishatoka jasho dakika 15, tia mchele gramu 60 uliooshwa na supu ya kuku au maziwa mililita 250. Funika, moto wa chini au ovena ya nyuzi 150, dakika 40. Mchele uive kupita kiasi, upondeke kabisa. Saga, chuja, malizia kwa siagi na malai. Mchele uwe wa punje fupi unaoshikana. Pishori ni mchele mzuri lakini una harufu yake, na harufu mbili hapa ni ugomvi. Ya mchele ni nzito na laini zaidi, na haina hatari ya madonge.

Swali linalokuja mara moja ni la tui. Mahali pa maziwa, kwa nini nazi isiingie? Inaingia, kwa masharti. Tumia tui la pili mililita 300 kwa kupikia unga, na tui zito la kwanza mililita 100 litiwe mwishoni, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha mpaka ufukuto wa kwanza, basi. Tui zito likichemshwa kwa fujo hukatika, mafuta juu na chengachenga chini, na kuchuja hakutaliponya. Malai na siagi ya mwisho viache, kwa sababu nazi imekwisha leta mafuta yake. Ni tamu, hasa na nguru wa kubanika. Lakini isiitwe subizi. Nazi ina sauti kubwa, kitunguu kinakuwa mwitikiaji. Jina linalonijia ni kitunguu cha kupaka.

Na hapo ndipo maneno yetu yanapofaa kuliko ya ubao wa mkahawa. Mchuzi, au mtuzi kama wasemavyo Lamu, ni kitu chenye maji ya kulowesha: mtuzi wa samaki, mtuzi wa nazi, kitoweo chenyewe kimo ndani yake. Supu inanyweka. Rojo ni nzito, inashika, na huandaliwa mbali na kile inachokwenda nacho: biriani ya pwani ina wali wake na rojo yake. Cha kupaka ni kizito zaidi na kina kazi ya kufunika: samaki wa kupaka hubanikwa kwanza, kisha hupakwa tui lililopikwa na ukwaju, thomu na pilipili mpaka likawa zito, akageuzwa, akapakwa tena. Kwa mwendo wake mezani, subizi ni ya ukoo wa kupaka. Urojo wa Unguja, pamoja na jina lake, unakwenda upande wa supu, ingawa nao huongezewa uzito kwa unga. Chatini ni ya kuchovya na ni chachu. Kachumbari ni kitunguu kibichi na haina haja ya moto. Sosi, kwa matumizi ya kila siku, imebaki kuwa ya chupa. Neno la Kifaransa lililo nyuma yake limetoka kwenye Kilatini cha kitu kilichotiwa chumvi, kwa hiyo kwa asili lilikuwa pana kuliko tulivyolipokea.

Wafaransa nao wana ndugu wengine wa kitunguu, na kuwatofautisha ni rahisi ukiuliza swali moja: kitunguu kimepata rangi au hakijapata? Lyonnaise, ya mji wa Lyon, kimepata. Hukatwa kwa urefu, hupikwa na siagi mpaka kiwe cha dhahabu, huongezwa mvinyo mweupe na siki, vikikauka huingia supu ya mifupa iliyotokoswa mpaka ikawa nzito. Hiyo ni binamu wa rojo ya biriani, ila rojo ina viungo na mtindi. Sosi Robert ni ya zamani sana, imo kwenye vitabu vya upishi vya karne ya 17: kitunguu kilichokatwa vidogo, mvinyo, supu ya mifupa, na haradali mwishoni. Haradali ikishaingia sosi isichemke tena, hujitenga na kuwa chungu. Bretonne ina nyanya na thomu, na mtu wa hapa ataitambua mara moja, maana ni kama mwanzo wa mchuzi wetu wa kila siku uliokosa bizari. Nyumba nyingi za Malindi na Lamu haziingizi mvinyo, na hakuna lazima: kwa mililita 150 za mvinyo tumia maji mililita 120, siki vijiko viwili vikubwa na sukari kidogo, yakaushwe mpaka nusu. Haitakuwa ileile, itakuwa na uchachu unaohitajika, na huo ndio uliokuwa ukitafutwa.

Subizi yenyewe tangu zamani huandamana na kondoo. Mbuzi wa kuoka anaipenda zaidi ya mbuzi wa kuchoma, kwa sababu moshi wa mkaa huifunika. Mayai ya kuchemsha yaliyokatwa mbili, subizi juu, dakika chache kwenye ovena ya moto mkali mpaka ipate madoa: huo ni mlo wa jioni kamili na mkate wa mofa kando. Mbatata za kutokosa, koliflawa, kuku wa kuoka. Kwa samaki, chagua wa nyama nzito kama nguru au kolekole, changu atapotea.

Ikibaki, paka siagi kidogo juu yake au ilaze karatasi isiweke utando, iingie kwenye friji ndani ya saa moja, maana joto la Malindi na maziwa havipatani. Itakaa siku tatu. Kwenye barafu usiiweke ile ya unga: ikiyeyuka hutoa maji na kuwa chengachenga, ya mchele haina nafuu kubwa. Kuipasha, weka bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayofukuta, tia vijiko viwili vya maziwa, koroga polepole. Moto wa moja kwa moja utaishika chini kabla ya juu kupata habari.